Shuka Jeupe na Rejeta Iliyojaa Tope

Kila mkija dukani mnaniuliza safari ya ukweni ilikuwaje, nami nawajibu "salama tu," kisha nageukia wateja. Haikuwa salama. Nimeona niiandike mara moja, mpitishiane kwenye simu zenu, maana kuisimulia kwa mdomo nimejaribu kwa mke wangu na nikashindwa katikati. Habari za vibali vya kijijini na nani alimpigia nani nitaziruka, hazina faida kwenu.

Wengi mnamjua Kabula, mke wangu, lakini mama yake hamumjui. Anaishi ndani huko Misungwi, ila kwao alikozaliwa ni Buchosa, ufukweni kabisa. Miaka hii ziwa limepanda. Lilianza kula shamba la mihogo la ukoo wao, likala njia, mwisho likafika kwenye kaburi la baba yake mama. Ndugu wakakubaliana wahamishe mifupa waizike upya juu kilimani kabla maji hayajaichukua. Kwa desturi ya ukoo wao, mtoto wa kwanza ndiye anayeipokea mifupa inapotoka ardhini, anaifunga kwenye shuka jipya na kutupa udongo wa kwanza. Mtoto wa kwanza ni mama. Tena alipokufa huyo baba yake, mama alikuwa kitandani amejifungua mtoto wake wa mwisho, hakuzika. Hii ilikuwa nafasi yake ya pili, na nafasi ya tatu haipo.

Kumfikisha ilikuwa kazi yangu. Kabula ni mwalimu na wanafunzi wake walikuwa kwenye mitihani, kwa hiyo alinikabidhi mama yake, akaniambia maneno mawili tu: "Mfikishe, baba."

Kitu kimoja zaidi ndipo tuondoke. Mimi na mama mkwe hatusemeshani. Si ugomvi, ni heshima. Mimi ni Mjita, na hata kwetu mkwe hashikani mkono na mama wa mkewe, hali mbele yake, wala hamtazami usoni. Ila kwa mama huyu mambo ni makali zaidi. Tangu nimuoe binti yake hatujawahi kuambiana neno moja kwa moja. Maneno hupita kwa mtu wa tatu. Safari hii mtu wa tatu alikuwa Masanja, huyo huyo mtoto wa mwisho wa mama, shemeji yangu, fundi wa kuchomelea mageti pale Buhongwa. Mdomo wake mnaujua wenyewe.

Kiseke hadi kwa mama

Niliondoka Kiseke mchana, pikapu yangu ya milango minne imetoka kufanyiwa sevisi, nikampitia Masanja Buhongwa. Alikuwa bado hajaoga. Nikasubiri, nikanywa chai ambayo sikuihitaji, na tulipotoka wingu lilikuwa limeshakaa upande wa Misungwi.

Lami ikaisha, tukaingia mbugani. Asiyeijua mbuga ya Usukumani ajue kwamba ule udongo mweusi ukilowa haukanyagiki. Unashika tairi, unapanda, unajaza kila uwazi wa gari, na ukikauka ni saruji. Tulipita madimbwi manne au matano ya maji yaliyofika kwenye bampa, na kila mara feni ilikuwa ikiyavuta yale maji ya tope na kuyapaka kwenye rejeta. Nilikuwa naisikia. Nauza rejeta za mitumba mwaka wa ngapi huu, nashindwaje kuisikia?

Dimbwi la mwisho likatushika. Tulisukumwa na wachunga ng'ombe waliokuwa wanarudisha mifugo, wakicheka kwa sauti kila tairi lilipowarushia tope. Tulifika kwa mama giza likiingia. Masanja akaingia ndani kusalimia kwa niaba yangu, mimi nikabaki uani nikasema "Shikamoo mama" nikiwa nimetazama mti wa mpera, na kutoka ndani ikaja "Marahaba, baba," ikielekezwa nadhani kwenye mlango. Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote.

Nililetewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maziwa ya mgando nikala peke yangu kwa jirani, nikalala huko huko.

Asubuhi nilifungua boneti. Rejeta haikuonekana. Kilichokuwa pale ni ukuta wa udongo, umekauka, hata mwanga haupiti, sembuse upepo wa kupoza injini. Kazi yake naijua: unatoa shoo, ule wavu wa mbele ya gari, unalowanisha lile tope na kulisubiri lilainike, halafu unamwaga maji taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili tope litoke kwa njia lililoingilia. Maji mengi, haraka hakuna. Lakini maji ya kaya ile yanachotwa kwenye lambo la mbali, na yanabebwa kichwani na wake wa shemeji zangu. Nimwambie nani ukweni kwamba nataka ndoo kumi za kuogesha gari? Nikafunga boneti. Nikajisemea tutaisafisha Usagara, kule maji yapo.

Mama akatoka na kifurushi kidogo mkononi. Masanja akanitonya kwamba ni shuka jeupe, alilinunua mwenyewe Mwanza mjini, akalifua na kulikunja. Alikaa kiti cha nyuma, nyuma yangu hasa, mahali ambapo hata kioo changu hakimwoni. Shuka likiwa mapajani.

Usagara, kwa waosha magari

Mjomba Bulugu, mdogo wake mama, alikuwa amesema kaburi litafunguliwa mama akikaribia, si kabla. Mifupa ikitoka hairudi, na hailali nje. Hilo nililielewa vizuri. Nililielewa na bado nikafanya yaliyofuata.

Pale Usagara kuna vijana wa kuosha magari kando ya barabara, wana pampu ya presha. Nilisimama nikiwa na nia moja, rejeta. Nilipolitazama gari nikaona aibu. Tope lilikuwa hadi kwenye paa. Mlango wa upande wa mama ulikuwa mweusi. Nikawaza: huyu ni mtoto wa kwanza anarudi kwao, ameletwa na mkwe, na ukoo mzima umekusanyika. Ashuke kwenye gari la namna hii? Watasema binti yetu kaolewa na mtu wa namna gani?

"Waling'arishe gari kwanza," nikamwambia Masanja. "Rejeta itafuata."

"Shemeji, tuna muda?"

"Tunao. Daraja lipo siku hizi, si kama zamani tunapanga foleni ya kivuko."

Nikampeleka mama kivulini, yaani Masanja alimpeleka na mimi nikafuata kwa mbali, nikamwagizia soda kupitia kwa Masanja, akaikataa kupitia kwa Masanja. Nilipogeuka, kijana alikuwa ameelekeza mdomo wa ile pampu kwenye shoo ya mbele, anapiga presha moja kwa moja kwenye rejeta. Maji meusi yalikuwa yakichuruzika chini. Nikamkemea aache. Akaniambia, "Mzee, tope si linatoka? Tazama."

Lilikuwa linatoka robo. Robo tatu alikuwa analisukumia ndani, na vile vibati vyembamba vya rejeta, ambavyo unaweza kuvikunja kwa kidole, alikuwa amevilaza. Niliinama nikaona. Hapo ndipo ingetakiwa nimwambie Masanja, "Kaa na mama, nafungua shoo, nipe saa mbili." Lakini gari lilikuwa linang'aa. Mama alikuwa ameshasimama, shuka kifuani, anatazama barabara. Kusema "subirini" ilikuwa sawa na kumwambia kwamba gari la mkwe wake ni bovu. Nikawasha.

Darajani

Upepo wa ziwa ulitusaidia. Kwenye daraja mshale wa joto ulipanda kidogo ukatulia. Masanja alitoa kichwa dirishani anapiga picha, anamwonyesha mama mitumbwi kule chini kama kwamba mama hajawahi kuliona ziwa. Mama alizaliwa karibu ndani yake. Nilisikia akisema kitu kwa Kisukuma, polepole.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema maji ni mengi."

Baada ya Busisi, ng'ambo ya daraja, upepo ukaisha, barabara ikaanza kupanda vilima, na mshale ukapanda pamoja navyo. Kuna ujanja mnaujua nyote mnaoendesha: injini ikianza kupata joto, unafungua hita ya ndani mpaka mwisho, inavuta joto la injini na kulileta kwa abiria. Nikafungua. Jua la Sengerema, vioo wazi, na hita inapuliza kama tanuri.

"Shemeji, kulikoni?" Masanja akauliza. "Miguu inaungua!"

"AC imeharibika, inatoa joto."

"Si uizime?"

"Haizimiki."

 Nilisogeza kichwa kidogo kwenye kioo nikaona tu mkono wake, unafuta uso kwa ncha ya kitenge, kisha unarudi kulifunika shuka lisilowe jasho. Hakulalamika. Nikamshukuru moyoni kwa kutojua. Na ile harufu tamu ya maji ya rejeta yanayochemka ilikuwa imeshaanza, lakini nikajidanganya kwamba naisikia mimi peke yangu.

Simu ya Masanja ikaita. Alikuwa mjomba Bulugu, anauliza tumefika wapi. Masanja akanitazama.

Nimeirudia sekunde hiyo mara nyingi mno. Tulikuwa hatujafika hata Sengerema mjini, mshale uko karibu na mstari mwekundu, na mbele yetu kuna kipande chote cha vumbi na mashimo. Lakini ni nani kati yenu amewahi kuulizwa yuko wapi akajibu ukweli? Nikasema kama ninavyosema kwa wateja, kama mnavyoniambia ninyi mkiwa bado mnafunga viatu.

"Mwambie tumeshakaribia."

"Tumeshakaribia, mjomba," Masanja akasema. "Tunaingia sasa hivi."

Ng'ambo ya Sengerema

Tulivuka mji, tukaingia barabara ya Buchosa, na hatukuenda mbali. Mvuke ulipasua kutoka chini ya boneti ukafunika kioo chote. Nikazima, nikaliacha gari libingirike hadi mbele ya nyumba moja iliyozungukwa na minyaa, mihogo imeanikwa juu ya mwamba.

Masanja alishuka na chupa ya maji ya kunywa, anataka kufungua mfuniko. Nilimvuta shati. "Utaungua, na ukimwaga maji baridi sasa injini inapasuka. Ipoe kwanza."

"Itapoa lini?"

Nikamnyang'anya ile chupa.

Mwenye nyumba, mama mmoja mnene wa Kizinza, alitoka akatukaribisha kama tuliotumwa kwake. Alimpa mama kigoda barazani, akaniletea kigoda kingine pembeni yake. Nikabaki nimesimama. Akanisukuma nikae. Masanja akamnong'oneza, "Huyu ni mkwe wake." Yule mama akashika mdomo, "Ee! Samahanini jamani," akakihamisha kigoda changu hadi nyuma ya jiko. Kisha akasema mkwe hawezi kuondoka kwake na njaa, watu watamcheka. Nikamwambia tuna haraka. Akasema gari lako lina haraka? Akasonga ugali wa muhogo mara mbili, wa mama mbele na wangu nyuma, na sato mmoja akamkata kati. Nilikula ule mkia wake mtamu huku nikiwa natamani kulia.

Injini ilipopoa nikaanza kazi ambayo ingefanyika asubuhi. Nikatoa shoo. Nikalegeza rejeta ndogo ya AC nikaisogeza, na hapo katikati ndipo lilipojificha tope lote, limebanwa na ile presha ya Usagara. Maji tulichota kisimani kwa mwenyeji. Nikalilowanisha, nikasubiri, nikalowanisha tena. Nikaomba sabuni ya unga na brashi laini ya viatu. Masanja akawa anamimina kwa jagi kutoka upande wa feni, pole pole, na tope likawa linatoka mbele kama uji wa ulezi, halafu kama chai, halafu maji. Vile vibati vilivyolala nikavinyanyua kimoja kimoja kwa jino la chanuo la yule mama. Ni kazi ya subira. Dukani huwa naifanya nikipiga soga na ninyi.

Nikiwa katikati, Probox moja ikasimama. Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, akachungulia.

"Poleni. Mnaelekea wapi?"

Masanja akamtajia kijiji.

"Mimi nafika Nyehunge. Nina nafasi moja ya mbele. Kama huyo mama ana haraka nimchukue, pale atapata pikipiki, ni karibu."

Niliinua kichwa. Mikono yangu ilikuwa na tope hadi viwikoni. Nilimtazama Masanja, Masanja akamtazama mama, na mama alikuwa ametazama mihogo iliyoanikwa. Hakusogea. Shuka lilikuwa mapajani.

Nikawaza hivi: nimekabidhiwa mama wa watu, nimkabidhi kwa mtu nisiyemjua jina, apande pikipiki na umri ule, ashuke mbele ya ukoo wake bila mkwe? Na yeye mwenyewe hajasema kitu. Angetaka kwenda, angemwambia Masanja. Kunyamaza kwake nikakusoma kuwa ni imani.

"Asante sana, mzee," nikasema. "Tunamalizia tu."

Probox ikaondoka. Masanja akaniangalia kwa muda, kisha akaendelea kumimina maji. 

Tulimaliza. Nikajaza maji, nikawasha, nikasubiri feni. Mshale ulipanda hadi katikati ukakaa hapo, haukutikisika. Rejeta ilikuwa safi kuliko siku niliyolinunua gari. Jua lilikuwa limeshageuka, na juu ya ziwa wingu lilikuwa limekaa, zito, la rangi ya dagaa wabichi. Masanja alijaribu kumpigia mjomba. Simu haikupatikana.

Ufukweni

Niliendesha kama mwizi. Gari halikupata joto hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi.

Tulipokaribia tukakuta matone makubwa ya kwanza ya mvua, na watu wanateremka kutoka kilimani, majembe mabegani. Nikaelewa. Masanja pia alielewa, maana alishika dashibodi kwa mikono miwili. Sijui mama alielewa saa ngapi.

Mzee mmoja, mgeni kwangu, alikuwa wa kwanza kufika kwenye gari. Akalizunguka, akapapasa boneti. "Karibuni, karibuni! Mkwe ana gari bwana! Linang'aa!" Wengine wakaitikia. Nilitamani ardhi ya Buchosa ipasuke, nishuke na gari lenyewe.

Mjomba Bulugu alikuja nyuma yao, mzee mfupi, suruali imelowa hadi magotini. Alimshika dada yake mikono yote miwili.

"Dada, mlisema mmekaribia," akasema. "Tukafungua."

Mama akatazama kule kilimani.

"Tukamtoa, tukamweka juu ya mkeka. Tukasubiri. Tukatuma mtu barabarani akatazame, hakuna kitu. Simu yangu ikaisha chaji. Wingu likaja, na maji yakaanza kuingia kwenye shimo la chini, mawimbi yanafika hadi kwenye mkeka. Katekista akasema marehemu hawezi kulala nje, na mvua inakuja. Ningefanyaje, dada?"

"Mmemfunga na nini?" mama akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili. Nadhani alitaka nisikie, au labda hakuniwaza kabisa.

Mjomba akainamisha kichwa. "Shuka la kitandani kwangu. La maua. Ndilo lililokuwa safi."

Mama akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Kisha akauliza, "Nani alimbeba?"

"Mimi."

"Alikuwa mzito?"

"Hapana, dada. Kama kuni kavu tu."

Hapo alikaa chini. Si kwenye kiti, palepale kwenye nyasi, mvua inamnyeshea, na shuka lake amelikumbatia chini ya kitenge lisilowe. Wanawake walimzunguka. Mimi nilisimama kando ya gari langu safi. Kumfuata siwezi, kumwambia pole siwezi, kulia mbele ya wakwe siwezi. Kama tungemwambia mjomba ukweli, kwamba ndiyo kwanza tumetoka Busisi na gari linachemsha, wangeliacha kaburi limefungwa hadi kesho yake. Kesho yake hakukunyesha. Niliamka nikakuta anga nyeupe, ziwa limetulia.

Jioni ile walimpandisha mama kilimani. Nilimwona kwa mbali akichota udongo wa juu ya kaburi lililokwisha kufungwa, akaushika, akaurudisha palepale alipoutoa. Baadaye wanawake walinipelekea chakula: samaki, wali, nyama ya mbuzi. Walinitendea kama mkwe mwema. Hakuna aliyenilaumu kwa neno moja, na nilikuwa namsubiri mtu anilaumu.

Kurudi

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Mama alirudi kiti kile kile nyuma yangu. Masanja alilala usingizi hadi Sengerema, au alijifanya. Kwa yule mama wa Kizinza nilisimama kumrudishia chanuo lake, nililikuta mfukoni. Akauliza, "Mliwahi?" Nikamwambia tulifika. Akasema Mungu mkubwa, na akatupa mihogo.

Busisi, kabla ya kupanda daraja, Masanja alisema anashuka kununua sato wa kumpelekea mkewe. Akavuka barabara kwa wauza samaki. Tukabaki wawili ndani ya gari. Hilo halijawahi kutokea. Nikashika usukani, nikatazama mbele, nikawa namwombea Masanja asibishane sana bei.

"Baba."

Nilidhani anamwita mtu wa nje.

"Baba, ile harufu niliisikia tangu tunaliacha daraja."

Sikuweza kugeuka. Sauti yake ilikuwa karibu na sikio langu, nyepesi, si ya hasira.

"Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori la pamba," akasema. "Gari linalochemka nalijua. Na hita naijua."

"Mama," nikasema, na hata neno hilo lilinitoka kwa shida. "Kwa nini hukumwambia Masanja?"

"Angekwambia wewe. Ungejua kwamba nimeona." Akaendelea: "Na yule mwenye kofia, nilitaka kwenda naye. Nilikuwa nasubiri useme nenda. Nikaona umekataa, nikasema basi, mkwe anajua tutafika."

"Nami nilikuwa nasubiri useme unataka."

"Ndiyo," akasema. "Nimeona."

Nilimwambia nisamehe, mama. Nililisema nikiwa nimeutazama usukani, na nililia, na sikujali ni nani alikuwa akipita. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Nilisikia kitu kikisukumwa juu ya bega langu. Lilikuwa shuka, limekunjwa vilevile alivyolikunja yeye, kavu, halina hata doa.

"Litunze wewe," akasema. "Usimpe Kabula, atalitandika. Hilo ni langu sasa, la kunifunga mimi. Siku yangu ikifika watakupigia simu wakuulize uko wapi."

Nikalipokea kwa mikono miwili.

"Uwaambie ulipo," akasema.

Masanja alikuwa anarudi, samaki wananing'inia mkononi, anatabasamu, bei ameishusha. Nikaitikia haraka kabla hajafungua mlango.

"Ndiyo, mama."